Jina Lililokwenda na Mguu

Katika nchi ya Waliotajwa hakuna jua wala mwezi. Kuna alasiri moja tu, ya rangi ya maganda ya mpunga, nayo haiendi mbele wala hairudi nyuma. Juu, mahali ambapo watu wa nchi nyingine wana mbingu, pana tako la kinu. Gogo jeusi la mti, pana kuliko mawingu, limelainika kwa miaka ya kupigwa. Kila linapopigwa kutoka upande wa pili, pumba laini hudondoka juu ya vichwa vya wakazi, na pamoja na pumba hudondoka jina la mtu.

Anayetajwa huinuka. Apende asipende, awe amekaa, awe amelala, awe anakuna mguu wake unaowasha, huacha alilokuwa akilifanya akaenda kulitenda upya lile jambo moja ambalo walio hai humkumbukia. Akishalitenda hurudi kukaa, mpaka atajwe tena. Hayo ndiyo maisha yao, na mtu akitaka kuyaita adhabu au heshima, na aite apendavyo. Wao wenyewe waliacha kuulizana zamani.

Raja Hindol, kwa mfano. Alitawala wilaya saba, akajenga mabwawa, akachimba visima, akawaozesha mayatima mia kwa mahari yake mwenyewe. Lakini siku moja mto ulimeza mashua ya arusi yake, naye kwa hasira akaamuru mto uchapwe viboko arobaini. Visima vimesahauliwa. Kila Mbengali anapomwona mwenzake akigombana na kitu kisicho na masikio, humtaja Hindol na kucheka. Basi mzee wa watu huinuka, hushika henzirani, huanza kuchapa vumbi, maana hata mto hakupewa. Huchapa mpaka viganja vikatoka damu, kisha hurudi kujikalia kwenye kigoda chake akiwa amenyooka mgongo kama mtu aliyetoka barazani.

Jirani yake ni Khiroda. Mwanamke mwembamba, sari yake nyeupe ya ujane imekwisha upindo, miguuni ana nyufa ambazo ungeweza kuficha punje za mchele. Yeye hutajwa kila mtu anapomnyima mwenye njaa. Hawasemi mengi huko juu. Jina lake tu, na aliyenyimwa huelewa, na aliyenyima huona haya. Jina likidondoka, mlango humwotea Khiroda mbele ya macho, mlango wa mti wa fenesi wenye komeo la chuma, na ghala nyuma yake, na harufu ya mpunga uliokauka vizuri. Nje husimama mtoto na kifuu cha nazi mkononi. Husema, "Mama, nina njaa." Na mkono wa Khiroda, mkono huohuo uliomwogesha na kumpaka mafuta ya haradali, huufunga mlango.

Hilo lenyewe angelizoea. Mtu huzoea. Asiloweza kulizoea ni kwamba mtoto hana uso. Walio hai hawakulihifadhi jina la mtoto, wala umri, wala meno yake. Wao walitaka mtoto tu, mtoto yeyote, wa kufungiwa. Kwa hiyo huja na uso wa kuazima: leo uso wa mtoto wa jirani ya msemaji, kesho uso wa mtoto aliyeonwa sokoni, na msemaji akiwa hana mtoto yeyote kichwani, basi huja laini kama yai, bila jicho wala pua, na sauti humtoka mahali ambapo pangekuwa na mdomo. Khiroda amemfungia mlango mtoto wake mara nyingi kuliko mvua za masika, na tangu afe hajamwona hata mara moja.

"Umerudi?" Raja Hindol alimuuliza, akipuliza viganja vyake.

"Nimerudi."

"Alikuwa na uso gani leo?"

"Wa kivulana chenye makengeza."

"Afadhali. Juzi ulisema alikuwa na ndevu."

"Msemaji alikuwa mlevi," alisema Khiroda, akaketi. "Na tena si mimi. Nimeshakwambia, Raja. Bwana mkubwa alikuwa nyuma yangu. Mkono wangu ulikuwa chini, wake ulikuwa juu. Yeye ndiye aliyesukuma."

"Umeniambia."

"Nakwambia tena."

"Niambie, bibi. Mimi nina nini kingine cha kusikiliza?"

Ingefaa hapa kueleza ni kwa nini akakumbukwa Khiroda, mlinda ghala tu, akasahauliwa mwenye ghala, maana hapo ndipo penye ukatili wote, nao haukufanywa na mtu mkatili.

Huko Bengali wanawake hawakutwanga kwa mchi wa mikono. Walikuwa na kinu cha mguu. Boriti ndefu hulazwa juu ya mhimili, mfano wa ile pembea ya ubao ambayo watoto hukalia ncha mbili. Mwanamke mmoja husimama nyuma akakanyaga. Kichwa cha boriti huinuka mbele. Akiondoa mguu, kichwa huanguka kinuni kwa uzito wa ndama. Mwanamke wa pili huchutama kando ya kinu, na kila boriti inapokuwa hewani huingiza mkono kugeuza mpunga. Kati ya kupanda na kushuka ana nafasi ya pumzi moja. Akichelewa, vidole vyake huwa unga. Basi ili mguu na mkono visipotezane, wanawake hao walitwanga kwa kutaja watu wa kale, kwa kuwasema, kuwacheka, kuwalaani, na jina halikupaswa kuzidi mapigo matatu. La kwanza, mguu unakanyaga. La pili, mkono unaingia. La tatu, mkono uwe umetoka. Khi. Ro. Da.

Mwenye ghala, mwenye ardhi, mwenye amri, aliitwa Anongomohon Rai Choudhuri. Hesabu mapigo yake. Mtu hakuthubutu kulikata jina hilo katikati, hata baada ya mwenyewe kufa. Mwaka wa njaa, ule ambao Khiroda alifunga mlango, ulipopita, mwanamke mmoja mwenye uchungu na ukweli alijaribu kulitia kinuni lote zima, na vidole vyake viwili vilibaki humo. Wenzake wakamfunga kitambaa, wakapepeta unga, wakarudi kwa Khiroda. Waliochagua nani akumbukwe hawakuwa wafalme wala makarani wa wafalme. Vilikuwa vidole kumi vilivyoogopa kupondwa.

Je, huo ni uongo? Khiroda alijiuliza swali hilo kwa muda ambao huko kwenye jua ungekuwa miaka mia. Ikiwa ukweli hauingii kinuni, na kinu ndicho kinacholisha nyumba, nani atauhifadhi? Na mimi ni nani? Mimi ni yule aliyezaliwa, akaolewa na miaka tisa, akafiwa na mume akiwa na kumi na tisa, akapewa kazi ya ghala kwa huruma? Au mimi ni hili tendo moja la mkono? Mto una kingo mbili. Mlango una pande mbili. Jina lina upande mmoja tu, ule unaoelekea kwa msemaji. Nimeishi siku elfu kumi na nne na nusu, na walio hai wamebakiza moja, tena kipande chake.

Sasa mapigo yalikuwa yamepungua. Pumba zilidondoka kidogo, kisha kidogo zaidi. Huko juu watu walikuwa wamenunua mashine za kukoboa zenye injini, na injini haihitaji jina la mtu. Waliotajwa wakaanza kupotea, kwanza kivuli, kisha miguu, kisha kiuno. Mlafi mmoja maarufu alipotea akiwa amefungua kinywa, na tonge lake likabaki hewani kwa muda kabla nalo halijakata tamaa. Majina yaliyobaki yalitoka katika kinu kimoja tu, cha kijiji kimoja, nyumba moja, kwa mavyaa aitwaye Monoroma na mkamwana wake Shefali, waliotwanga mchele wa kutengeneza vitumbua vya sikukuu ya mavuno. Na kupitia mwanya wa gogo Waliotajwa wote walisikia Monoroma akisema kwamba kesho mwanawe atalipasua gogo hilo liwe kuni.

Hapo nchi nzima iliinua vichwa. Maana kuna ruhusa moja katika nchi ile. Mtu akitajwa wakati mkono wa mwanamke umo kinuni, kwa muda ambao mkono umo, anaweza kupandisha neno moja. Moja tu tangu afe. Neno hilo humwingia mwanamke kwa vidole, naye hulisema akidhani ni lake. Raja Hindol alikwisha kulitumia lake. Mwanzoni walimwita Hindol tu, kavukavu, kama mfua nguo. Akapandisha neno "Raja", likasemwa haraka kwa pigo moja, mapigo yake yakatimia matatu. Tangu hapo huchapa vumbi akiwa na cheo. Khiroda alikuwa bado na neno lake. Alikuwa amelihifadhi kama mtu anavyohifadhi mbegu mwaka wa njaa, akisikia njaa.

Ndipo akaja Anongomohon.

Alikuja akielea, kwa kuwa alikuwa amekwisha kupotea hadi kifuani. Alibaki mabega, shingo yenye mikunjo ya shibe, uso, na kilemba. Khiroda alikuwa hajamwona tangu uhai. Kabla hajafikiri, aliinuka akajifunika kichwa upindo wa sari.

"Bwana mkubwa," alisema.

"Kaa, mama Khiroda, kaa. Mimi ndiye ninayepaswa kusimama. Ila kama unavyoona, sina cha kusimamia."

Raja Hindol alicheka puani.

"Nimekuja kuomba," alisema Anongomohon. "Nipe dhambi yangu."

"Leo unaitaka?"

"Leo ninaihitaji. Mtu mwema husahauliwa upesi, mama. Nilijenga hekalu, limeota magugu. Nilichimba bwawa; wanafugia samaki na hawajui nani alichimba. Kilichobaki ni ule mlango. Nitaje mimi. Neno lako moja. Sema Anongo."

"Anongo?"

"Mapigo matatu. A, non, go. Nakuruhusu unifupishe."

"Zamani aliyekufupisha alichapwa kiatu cha uso," alisema Khiroda.

"Zamani nilikuwa mzima."

Khiroda alimtazama. Miaka yote aliyokaa hapa alikuwa ametamani neno hilo hasa: kwamba siku moja mwanamke kinuni aseme jina la mwenye ghala, na mlango uhame kutoka mkononi mwake. Na sasa mwenyewe ameuleta mgongo wake uchapwe, anaubembeleza mjeledi.

"Nikikutaja wewe, mimi nitakuwa nini?"

"Utapumzika. Utapotea kwa utulivu, kama chumvi majini. Hutafunga mlango tena."

"Na mtoto?"

"Mtoto atakuja kwangu. Mlango utakuwa wangu."

"Utamfungia."

"Mama, ndiyo kazi yenyewe. Nitamfungia vizuri. Sitampigia kelele."

"Atakuwa na uso gani?"

Anongomohon hakuelewa swali. Uso wake mwenyewe ulikuwa umeanza kupauka kidevuni. "Wowote watakaompa," alisema. "Kwani kuna tofauti gani?"

Khiroda alisogea karibu naye, akashusha sauti kama mtu anayeulizia dawa. "Bwana mkubwa, nataka unikubalie jambo moja mbele ya Raja huyu. Siku ile, mkono wako ulikuwa juu ya wangu. Wewe ndiye uliyesukuma. Unakumbuka?"

Anongomohon alitazama chini, mahali ulipokuwa mkono wake. Kisha akasema kwa haraka, "Ukisema ulikuwa juu, ulikuwa juu. Nakubali. Lolote utakalosema nakubali, mama, nitaje tu."

Raja Hindol aliacha kupuliza viganja vyake. Alimtazama Khiroda, akaangalia pembeni.

Juu, mguu ulikanyaga.

"Polepole mwanangu, nina baridi yabisi," ilisikika sauti ya Monoroma kando ya kinu. "Kanyaga kama mtu, usikanyage kama farasi wa polisi."

"Basi ondoka hapo mama mkwe, nitie mkono mimi, wewe ukanyage," alisema Shefali.

"Na uzito huu? Nikikanyaga mimi boriti itafika mwezini."

"Itatuletea mchele wa huko."

Wakacheka, wakabadilishana. Pumba zikadondoka. Shefali alikuwa na mkono mchanga, wenye bangili nyeupe za kombe zilizogongana kila alipogeuza mchele. Sauti hiyo ya bangili Waliotajwa wote waliisikia, nao walijisogeza chini ya mwanya, wakakanyagana, wafalme na wezi na wake za makuhani, kila mmoja akiomba moyoni atajwe yeye.

"Yule mke wa fundi cherehani," alisema Monoroma, akikanyaga, "nimemwomba chumvi ya kidole kimoja. Kidole kimoja! Kaniambia mtungi umevunjika. Na mtungi nauona nyuma yake, mzima, umevaa kifuniko kama bwana arusi."

"Huyo basi ni Khiroda," alisema Shefali.

Khi.

Mlango ulitokea. Ghala, komeo, harufu ya mpunga. Nje mtoto alisimama, laini kama yai. Na Khiroda alijua kwamba mkono wa Shefali unaingia kinuni, kwamba pumzi hiyo ni ya kwanza na ya mwisho, na Anongomohon alikuwa sikioni mwake akisema Anongo, Anongo, Anongo kama nzi kwenye chupa.

Mtu akiwa na neno moja atataja nini? Atataja aliyemwonea, ili aliyemwonea aishi milele? Maana hivyo ndivyo haki ilivyo katika nchi hii: humpa mdhalimu kitanda na mto wa kulalia, humwita kila siku kwa jina lake, na mdhulumiwa huachwa apotee akishukuru. Au atataja kilichopotea, ili akione kikimwangalia? Kila mtoto wa Kibengali ana majina mawili. Moja ni la nje, la hekalu na la serikali. Lingine ni la nyumbani, ambalo mama tu ndiye humwita kwalo, na mgeni akilitumia ni kama ameingia jikoni na viatu. Jina la nyumbani la mtoto wake Khiroda hakuwahi kulisema tangu siku ya mlango. Lilikuwa jina la mboga ya mitaroni, mboga ya maskini, kwa kuwa alishikwa na uchungu akiwa anaichuma, maji yamemfika magotini.

Akalipandisha hilo.

"Khiroda na Kolomi wake," alisema Shefali huko juu, akatoa mkono, boriti ikaanguka.

Monoroma alisimamisha mguu. "Kolomi ndiye nani?"

"Si yule mtoto."

"Mtoto hana jina. Nimetwanga miaka arobaini na minne, sijasikia jina la mtoto."

"Basi leo umesikia. Kanyaga mama mkwe, mchele unapoa."

"Ko. Lo. Mi." Monoroma alilijaribu kwa mguu. "Hee. Linakwenda vizuri kweli. Umelitoa wapi?"

"Limenijia tu. Na binti yangu anavyonisumbua kula, nitakuwa namtisha nalo. Akigoma nitamwambia, kula, Kolomi yuko mlangoni anakuangalia."

"Atakula mpaka sufuria," alisema Monoroma, wakacheka tena.

Ndivyo ilivyofanyika. Gogo litapasuliwa kesho liwe kuni, lakini jina limekwisha kuhama kutoka kinuni kwenda kwenye sahani ya mtoto, na binti wa Shefali atamtisha nalo binti yake, na kila nyumba yenye mtoto anayekataa kula jina litatajwa asubuhi, mchana na jioni. Anongomohon alilielewa hilo kabla ya Khiroda. Alifungua kinywa kulalamika, na kinywa ndicho kilichotangulia kupotea, kilemba kikafuata.

Khiroda hakumtazama. Alikuwa anatazama mlangoni.

Uso ulikuwa unaota. Ulianza na paji, pana, lenye kidoti cheusi cha kufukuza jicho baya, kimepakwa upande kwa sababu mtoto hakutulia. Zikaja nyusi zilizokaribia kukutana. Yakaja macho, kisha pua ndogo yenye kamasi zilizokauka, kisha mdomo uliopasuka pembeni kwa kula majani machungu. Mashavu hayakuja, maana siku ile hayakuwapo. Alikuwa na miaka sita. Khiroda alikuwa amemweka katika mawazo yake kuwa na miaka minane, tisa. Hakukumbuka kwamba alikuwa mdogo kiasi hicho, kwamba komeo lilikuwa juu ya kichwa chake.

"Kolomi," alisema.

"Mama," alisema mtoto.

Hakuwa mtoto wa msemo tena, yule anayejua maneno matatu. Alitazama ghala, akatazama alasiri isiyokwenda, akamtazama mzee mwenye henzirani, kisha akarudi kwa mama yake na kumchunguza kwa makini.

"Umezeeka mikono," alisema.

"Mwanangu, nisikilize," alisema Khiroda, na maneno aliyokuwa ameyatayarisha miaka mia yalimtoka yote pamoja. "Si mimi niliyefunga. Wewe ulikuwa nje, hukuona. Bwana mkubwa alikuwa nyuma yangu, mkono wake ulikuwa juu ya wangu. Alisukuma yeye. Mwambie Raja. Mwambie na wewe kwamba hukuona."

Kolomi alifikiri. Aliinua mguu mmoja akakuna nao mwingine, kama alivyokuwa akifanya alipoulizwa jambo na mtu mkubwa.

"Bwana mkubwa hakuwepo, mama," alisema. "Alikwenda arusini ng'ambo ya mto, na ndovu, na wapiga tarumbeta. Mimi niliwasindikiza mpaka kivukoni, nikidhani watatupa bisi za mchele. Hawakutupa. Ndipo nikaja kwako. Ulikuwa peke yako."

"Alikuwa amenikataza."

"Ndiyo. Ulisema hivyo. Ulisema, amekataza."

"Angejua."

"Angejuaje?" aliuliza mtoto, si kwa kushtaki, bali kwa kutaka kujua.

Khiroda alitafuta jibu. Alilitafuta kila mahali ndani yake, kama mtu anayepapasa mtungi ambao mwenyewe aliumaliza. Aliona njia tupu ya vumbi hadi mtoni. Aliona ua usio na mtu, kuku mmoja tu. Aliona mkono mmoja juu ya ubao wa fenesi, na juu ya mkono huo hapakuwa na mkono.

Juu, kwenye nyumba ya Shefali, sahani iliwekwa chini. Mtoto fulani alisema hataki. Majina yakadondoka, yote mawili kwa pamoja, la Khiroda na la binti yake.

Mkono wa Khiroda uliinuka ukashika mlango. Alijaribu kuuzuia kwa mkono wa pili, na mkono wa pili nao ukashika mlango. Kolomi aliinua kifuu chake kama alivyotakiwa, akasema ana njaa kama alivyotakiwa, kisha akaona mlango umekwama na mama yake anahangaika.

"Hapo chini hukwama, mama," alisema kwa upole, akirudi nyuma hatua moja ili asizuie. "Ubane kwa mguu."

Khiroda akaubana kwa mguu.